Mkono Mpya wa Kiti cha Nanyuki

Niliondoka Nyeri Ijumaa asubuhi kwa sababu ya picha moja kwenye simu. Mama Halima, mjane anayeuza vitambaa Nanyuki, alinitumia picha ya kiti cha marehemu mumewe. Mkono mmoja ulikuwa umelegea, na mafundi wawili walishamwambia akitupe. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega, lakini nafundisha useremala Nyeri mwaka wa kumi na tisa sasa.

Matatu yetu iliuacha mji wa Kiganjo kwenye manyunyu. Naro Moru jua likatoka, nami nikaanza kuwaza nitatumia skrubu ngapi.

Nanyuki, saa tano. "Karibu, Mwalimu," alisema Mama Halima. "Kunywa chai kwanza. Hiyo kiti haikimbii."

Mumewe, mchuuzi wa ng'ombe, aliachiwa kiti hicho na mteja Mzungu aliyerudi kwao. Kilitengenezwa Denmaki, na aliyekibuni alikuwa amevutiwa na viti vya kale vya Uchina. Kilikuwa chepesi, mgongo ukijipinda taratibu hadi kuwa mikono, vipande vyake vikishikwa kwa gundi bila msumari hata mmoja.

Saa tano na nusu nilianza kazi. Gundi ya zamani hulegezwa kwa maji moto na subira, na hilo nalifundisha kila muhula. Siku hiyo nilichukua nyundo ya mbao. Pigo la tatu, mkono ukapasuka urefu wote.

Mama Halima alikuwa dukani. Ningeweza kumwambia ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Nilikiokota kipande kilichopasuka, nikamwita.

"Nimeuvunja, Mama. Nilikuwa na haraka."

Alikishika kipande kile muda mrefu. "Miaka ya mwisho alikuwa anatetemeka," alisema. "Alikuwa anashika hapa ndio mkono itulie." Akanirudishia kipande. "Unaweza tengeneza ingine?"

"Naweza, lakini mti kama huu sina. Rangi haitafanana."

"Wacha isifanane. Tengeneza."

Jumamosi alfajiri nilikwenda Timau, ambako seremala ninayemfahamu alinipa kipande cha mutamaiyo, mzeituni wetu wa msituni. Nilirudi nikachonga hadi alasiri, nikiugusa mkono mzima kila mara kabla ya kuondoa unyuzi mwingine wa mti. Nilipomaliza, mkono mmoja ulikuwa mweusi kuliko mwenzake.

Mama Halima aliketi, akaupitisha mkono wake juu ya mti mpya.

"Iko baridi," alisema. Hakuinuka. "Itazoea."

Jumapili, njiani kurudi, nilijiona mdogo. Miaka yote nimewanyima alama wanafunzi walioiga kazi ya wengine. Lakini yule mbunifu wa Denmaki naye aliiga: alikitazama kiti cha Wachina mpaka akajua nini cha kubakiza na nini cha kuacha. Mimi chake nilikitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Jumatatu niliweka ule mkono uliopasuka, ambao Mama Halima aliniachia, mbele ya darasa. Mwanafunzi mmoja akauliza ni nani aliyeuharibu.

"Mimi," nilisema. "Sogeeni, niwaonyeshe nilipokosea."