Kadi ya Mama Iliyotiwa Plastiki

Sijawahi kumheshimu mtu anayetoa ushauri wa safari bila kuombwa, na mji wetu wa Kolwezi umejaa watu wa aina hiyo. Mtu hajavuka Fungurume hapa jirani, lakini atakufundisha namna ya kuishi kando ya bahari.

Bingwa wao alikuwa katekista wa parokia yetu, karani mstaafu wa mgodi wa Kisenge. Enzi za ujana wake alipelekwa Tanzania kwa mafunzo ya wiki moja, na wiki ile ameitambia maisha yote. Aliposikia kwamba mama yangu anakwenda Dar es Salaam, alikuja nyumbani kila jioni, akavuta kiti kizuri kuliko vyote, akaanza.

"Mama, kule jua haina huruma, pull, ile nguo ya baridi, uache hapa. Maji ya robinet, ya bomba, usikunywe. Usiingie mu bahari kama haujaona benye kwao banaingia. Usipige foto ku port ya meli. Na kila mutu mwenye utakutana naye, umuambie shikamoo."

Kila mtu! Mama yangu, mwenye mvi kichwa kizima, akawa anafanya mazoezi ya kuwaamkia shikamoo vitoto vya jirani. Nilicheka kwa dharau, wala sikujificha. Yule mzee hata neti ya mbu alimshauri abebe, kana kwamba mbu wa Kolwezi huuma kwa adabu.

Lakini mama hakuwa anakwenda kutalii. Mdogo wangu aliolewa huko na dereva wa lori, na mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa peke yake, mume yuko njiani. Mara hii alikuwa amebakiza wiki mbili kujifungua, na aliomba kitu kimoja tu: mama awepo. Mama alifunga mzigo wake mapema, finkubala juu kabisa, maana binti yake alikuwa akiwalilia viwavi hao wakavu tangu mimba iingie.

Sasa niseme kazi yangu. Nina kibanda karibu na soko, mashine mbili: ya fotokopi, na ya kutia karatasi plastiki. Hapa kwetu karatasi isiyo na plastiki si karatasi. Wachimbaji wa Mutoshi huniletea kadi za uchaguzi zikiwa zimelowa jasho, akina mama huleta vyeti vya ubatizo, na mmoja aliwahi kuniletea barua ya mapenzi. Zote nimezipitisha mashineni. Kwa hiyo mama aliponionyesha kadi yake ya njano, ile ya chanjo, imekunjika pembeni, sikumuuliza mtu. Nilimwambia joto la pwani litaiozesha. Niliiingiza mashineni, ikatoka inang'aa, naye akaibusu.

Nilimsindikiza hadi mpakani. Mwanamke wa ofisi ya afya aliishika ile kadi kwa vidole viwili, akaigeuza, akapumua kwa nguvu.

"Mama, njo nani alikuambia uplastifie karte ya vaccin? Mi siwezi kujua kama cachet, huu muhuri, ni ya kweli. Na chanjo ingine nitaiandika wapi?"

Niliomba wembe nikajaribu kuibandua. Plastiki ilitoka na muhuri wote, ikaniachia karatasi ya njano isiyo na neno.

"Tutakupiga shindano ingine ya chanjo," alisema yule mwanamke, bila ukali. "Ukimaliza siku kumi, njo utapita. Lakini nani alikudanganya hivi?"

Nilifungua mdomo. Mama hakunitazama.

"Ni ule muzee, tata katekista wa kwetu," alisema.

Nami nikaufunga mdomo.

Mama alikaa siku zile kwa binamu yake, hapo hapo mpakani. Siku ya sita simu ililia. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa salama, mdogo wangu akiwa tena peke yake, na mama alisikiliza kilio cha mtoto simuni, amesimama katikati ya ua, ameshika mfuko wa finkubala. Mdogo wangu alipouliza kosa ni la nani, mama alimtaja katekista yule yule. Nilikuwa nimemdharau yule mzee kwa sauti kubwa mno, hata hakuna aliyeona ajabu kosa kuwa lake.

Baada ya mwezi katekista alikuja kibandani kwangu. Hakukaa. Alivua kofia.

"Mutoto yangu, banasema njo mi nilimuambia mama aplastifie ile karte. Mi nasemaka mambo mingi, hata sikumbuki muzuri. Kama nilisema, munisamehe."

Mashine ilikuwa imewaka, na wateja wawili walikuwa wanasikiliza.

"Haina mambo, tata," nilimwambia. "Yamepita."

Alinishukuru kwa mikono miwili.