Chai Niliyoimwaga Nyuma ya Nyumba

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka thelathini na minane, pamoja na jirani yangu, mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge kwa jumla. Tunaondoka mtaani kwetu Bel-Air alfajiri, kabla magari hayajaanza kutimua vumbi, tunafika barabara kuu na kurudi. Miguu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni sukari.

Chai yangu ilikuwa ya vijiko vinne. Baada ya mbio nilikunywa vikombe viwili. Saa nne, kwenye shule ninakofundisha, nilinunua sucré, soda ya chupa, baridi. Na wakati wa kurudi, bitumbula vya moto, vile viandazi vya mviringo vya kando ya njia. Nilichokitoa kwa jasho alfajiri nilikuwa nimekirudisha kabla ya saa nane. Kwenye mwinuko wa mwisho jirani alinisubiri, mikono kiunoni. Akaniambia yeye alipunguza sukari pole pole, nami nijaribu. Lile neno “pole pole” sikulisikia. Nikaacha yote kwa mpigo mmoja.

Siku ya tatu kichwa kiliniuma, nikawafokea wanafunzi kwa sababu ya chaki iliyovunjika. Hata hilo lingevumilika. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Anaishi nasi tangu alipofiwa na mume wake kule Kambove, na chai ya nyumba ni kazi yake. Anaipika kwenye mbabula, jiko letu la makaa: majani, maziwa na sukari katika sufuria moja, na kikombe anakupa kwa mikono miwili. Kumwambia sitaki sukari ilikuwa sawa na kumwambia sitaki chai yake. Basi nilipokea, nikashukuru, nikaenda nyuma ya nyumba kana kwamba naangalia nguo kwenye kamba, nikaimwaga karibu na ukuta.

Nilifanya hivyo wiki nzima. Jumamosi akaenda kufagia kule nyuma, akakuta sisimizi wamejaa mahali pamoja, weusi tii. Jioni, tukichagua maharage, akaniambia bila kuniangalia:

“Kama chai yangu haiko muzuri, uniambie. Usiimwange kama maji ya vyombo.”

Niliona haya. Nikamweleza yote: jinsi pumzi inavyonikatikia, kichwa kinavyouma, na sucré ninayokunywa kwa kujificha, maana siku ya nne nilikuwa nimeshairudia.

“Mama, chai iko muzuri,” nikasema. “Ni miye nashindwa kujizuia.”

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe madogo. Kisha akanisimulia kwamba kule Kambove kulikuwa na miaka ambayo mishahara ya mgodini haikufika, na watoto wake walikunywa maji ya majani matupu, mume wangu akiwa mmoja wao. Sukari iliporudi nyumbani, aliapa kwamba hakuna atakayekunywa chai chungu tena mkononi mwake. Baada ya kusikia hayo, ningekataa vipi?

Asubuhi iliyofuata nilikunywa kikombe chote. Kilikuwa kitamu. Kesho yake hivyo hivyo. Nikakubali kwamba kwa chai nimeshindwa, nikabaki kupambana na sucré. Niliiacha, nikairudia kwenye arusi ya mdogo wangu, chupa tatu, nikaiacha tena.

Karibu miezi miwili ikapita. Siku moja mwalimu mwenzangu akanikaribisha chai, akaitia vijiko vinne kwa kuwa alijua ndiyo desturi yangu. Sikuweza kuimaliza. Ilinikwama kooni kama dawa ya kikohozi ya watoto. Nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikamwuliza mama mkwe siku hizi anatia sukari kiasi gani.

Akafunika sufuria kwanza. “Napunguzaka kidogo kidogo, kila juma,” akasema. “Hata bwana yako hajajua. Usimwambie.”

Sikumwambia. Nilikaa kwenye kigoda karibu naye nikashindwa hata kushukuru vizuri, kwa sababu yale niliyotaka kuyafanya peke yangu kwa nguvu, yeye aliyafanya kwa niaba yetu sote kwa subira, na hakuna aliyeumwa kichwa.

Sijapona tamaa. Ijumaa jioni bado naifikiria ile chupa yenye ubaridi wa friji, na zipo Ijumaa ninazoinywa. Lakini wiki zinazopita bila kuinywa sasa ni nyingi. Juzi mume wangu alimaliza kikombe chake, akaomba cha pili, akamwambia mama yake kwamba kadiri anavyozeeka ndivyo chai yake inavyozidi kuwa nzuri.