Wimbo Usioisha Mpaka Bibi Harusi Alie

Kwa akina mama wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wimbo wa kumtoa bibi harusi hauna beti za kuhesabika. Unaisha akilia. Asipolia wanaurudia, ngoma inahama mikono, na wageni wanaendelea kusimama juani. Niliwahi kuueleza utaratibu huo katika tasnifu yangu ya chuo kikuu, kwa kurasa nyingi na majivuno mengi zaidi, nikahitimisha kwamba machozi yale ni ishara tu. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilizunguka uwanja mzima nikiiomba ishara hiyo.

Alikuwa anaolewa na askari kijana wa Mbarara. Baba wa bwana harusi, sajini, alituazimia lori la rafiki yake, mchuuzi wa maziwa wa Bwizibwera. Sharti lilikuwa moja: jioni dereva awe ameyafuata maziwa, la sivyo yataganda. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, nilikabidhiwa ratiba.

Ratiba iliuawa na kwaya. Kanisa letu lilikuwa na kwaya nyingi kuliko mabenchi, na isiyoitwa hununa hadi Krismasi. Niliomba kila kwaya wimbo mmoja. Kila kwaya ikaimba wa kuingilia, kisha wimbo wenyewe, kisha wa kutokea, ambao, kwa maelezo ya mwalimu wa vijana, haukuwa wimbo bali kutembea. Zote zilitumia kinanda kimoja cha umeme, na kinanda hicho kilikuwa kimebakiwa na mdundo mmoja mzima, kwa hiyo toba na shangwe vilikwenda kwa rumba ileile. Jenereta lilipozimika nilimshukuru Mungu, mpaka nilipomwona mama yangu anaitoa ngoma.

Ngoma ya kwanza aliiacha Kivu ya Kusini tulipokimbia. Hii aliiwamba Nakivale kwa ngozi ya ng'ombe wa Ankole, na kwa miaka aliwatoa nayo mabinti wa watu. Sasa zamu ilikuwa ya binti yake wa pekee, na binti alikuwa ameketi na macho makavu, anatabasamu.

"Lia kidogo," nilimnong'oneza. "Dereva anapiga honi."

"Yaya," aliniita, yaani kaka, "nalia nini? Natoka mu kambi."

"Unaenda mu kambi ingine, ya basoda," alidakia mmoja wa waimbaji, akimaanisha ya askari, bila kukosa pigo.

"Ile iko na taa. Na ule mama wa Mbarara alinipaka hii poda asubuhi yote."

Mama hakumtazama yeyote. "Mutoto anatoka kwa mama yake bila chozi," alisema, "batu batasema alikuwa anakaa kwa nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Mahali ambapo hata turubai la paa tulipewa, mama alitaka ushahidi kwamba palikuwa nyumbani. Dada naye alitaka, walau mara moja maishani, kuhama mahali akicheka. Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna kitu kinachonikera zaidi ya hicho.

Dereva alinishika bega. "Sebo, bwana, mimi naenda. Maziwa hapana jua harusi."

"Dakika tano tu."

"Nyinyi watu ya Kongo, dakika tano yenu iko na kwaya ndani."

Akampakia bibi harusi mbele na kuwasha injini. Akina mama wakapanda nyuma, katikati ya makopo ya maziwa.

"Mnaenda wapi?" niliuliza.

"Wimbo hauyaisha," mama alijibu.

Nikapanda nami, nimekumbatia kile kinanda, ambacho mwalimu wa vijana alinisukumia kwa ajili ya sherehe ya jioni. Tulipopita mji mdogo wa Kaberebere, wenye maduka walitoka nje kutazama. Wakati huo makopo yalikuwa yamegeuka ngoma, na kichwa changu kilikuwa karibu kuwa ya tatu.

Kwenye lango la kambi ya jeshi mlinzi alitukagua. "Bibi harusi ndani. Hao wamama, shuka. Hiyo ngoma hapana ingia."

Sajini alikuja, akasihi, akarudi ameinamisha kichwa. Mama alishuka, nasi wa nyuma tukamfuata. Alisimama upande wetu wa kizuizi, nywele nyekundu kwa vumbi la barabara, akaendelea kupiga polepole. Lori lilipoanza kuingia dada yangu alichungulia dirishani, akamwona alivyosimama, na poda ikaanza kuteremka.

Mama alipiga mara mbili, akaacha katikati ya mstari.

"Sasa ni muzuri," alisema. "Enda."

Picha zote za sherehe ya jioni ile zina michirizi ya poda. Lori lilimshusha dada, likatoka na kutupita mbio kuelekea Bwizibwera. Akina mama wakakaza vitenge vyao, wakanigeukia.

"Sasa, musomi, tunarudi Nakivale na nini?"

Nilikuwa na chumba kimoja Ruti, mtaa wa Mbarara, nikawaambia tutalala huko. Mama alinitazama nilivyokikumbatia kinanda.

"Weka hicho kitu chini," alisema. "Ubebe ngoma. Mikono yangu imechoka."

Kinanda kilikuwa cha kanisa. Nikabeba vyote viwili.