Mbuzi wa Ntheo na Gurudumu Lililokataa Kuachia

Nilitoka Kyuso kwa sababu ya mbuzi watatu. Kwetu Ukambani, kijana akichukua msichana, wazazi wa kijana hupeleka kwa wakwe mbuzi wa ntheo, wawili wa kike na beberu mmoja. Bila hao mke si wako, hata mkizaa watoto kumi. Mwanangu Muthama ameishi na Mwende miaka mitatu, mtoto wanaye, na mbuzi hawajaenda. Wajomba za Mwende huko Kathonzweni wakatuma neno: wanakaa kikao Jumamosi, na mbuzi wasipofika kabla ya jua kutua, msichana na mtoto wanarudi kwao. Muthama alitangulia kutoka Nairobi na Mwende na mtoto. Mbuzi tulikuwa nao sisi.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Kyuso. Tulipandisha mbuzi kwa pikapu yangu, mimi na kaka yangu Kasyoka, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Nilishusha handibreki, nikatia gia, gari ikanguruma pale pale. Halafu ikachomoka kwa kishindo, kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikasema ni baridi.

Mimi huvuta handibreki kwa mikono miwili. Miaka ya nyuma lori la mchanga liliteremka lenyewe mtoni kwetu. Dereva, Mutua, aliambiwa handibreki imekufa, akasema haidhuru, akaenda kunywa chai. Lori lilimuua rafiki yangu Ngui, na mimi likaniachia huu mguu wa kushoto unaouma kila nikikanyaga klachi. Mutua bado anaendesha. Nimemtaja na nitazidi kumtaja.

Mwingi tulipita bila neno. Kitui tukanunua mkate.

Saa tano, mbele ya Mutomo. Gari ikawa nzito. Mlima mdogo tu, gia ya tatu ikakataa. Tukasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Ni beberu huyo," Kasyoka akasema.

"Beberu hanuki chuma."

Nilisimama, nikapeleka mkono karibu na magurudumu ya nyuma. La kulia lilikuwa na joto la kawaida. La kushoto, mkono haukukaribia. Mbuzi wote watatu walikuwa wamejibana upande wa kulia, kwa sababu bati la upande ule mwingine lilikuwa linawachoma kwato. Kasyoka akachukua mtungi wa maji amwagie, nikamshika mkono. Chuma kikiwa moto hivyo, maji hukipasua. Tukakaa juani tukingoja kipoe.

Nikampigia Kimanzi, fundi wa Kyuso aliyenifungia breki.

"Kimanzi, umeniua."

"Nani anaongea?"

"Maiti."

"Mzee, breki nilifunga vizuri, ukajaribu mwenyewe. Tangu siku hiyo umekuwa ukipaki wapi?"

Nikakata simu.

Kutoka hapo tulienda kwa vipande. Dakika kumi barabarani, ishirini za kupoza. Ikutha, Kibwezi, kila mahali nikimlaani Kimanzi, na mguu ukiniuma, na Kasyoka akilitazama jua kuliko barabara.

Saa tisa, Makindu. Tulimpata fundi mmoja mnene, Musembi, ambaye hakutaka kusikia habari za Kimanzi. Aliweka mawe kwa magurudumu ya mbele, akashusha handibreki, akapiga jeki nyuma. La kulia akalizungusha kwa kidole. La kushoto, kwa mikono yote miwili, halikwenda. Akaingia chini, akalegeza kebo ya handibreki. Bado.

"Basi si kebo peke yake," akasema. "Ndani pia kumeshika."

Kuna tundu dogo nyuma ya gurudumu. Alipitisha bisibisi hapo, akalegeza breki jino moja moja, halafu akagonga dramu, lile kopo la chuma linalofunika breki, pole pole kuizunguka mpaka ikatoka. Mchanga ukamwagika miguuni pake. Mchanga mweupe, wa mtoni.

"Mzee, unavuna mchanga na hii?"

"Nachota maji tu."

Kila wiki nateremka mpaka ndani ya mto mkavu, pale tunapochimba visima, napaki kwa mchanga mbichi, nabeba mitungi. Nikifika nyumbani navuta handibreki kwa nguvu zangu zote, na gari inalala hivyo siku nne, tano, breki zikiwa na maji. Musembi alinionyesha mkono mdogo wa chuma, ule unaovutwa na kebo, umeganda kwa kutu.

"Aliyeivuta ikiwa na maji na kuiacha hivi ndiye aliyeigandisha. Fundi wako hana kosa."

Kasyoka akageuka kutazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Musembi alisafisha, akapiga msasa, akabadilisha springi, akatia grisi kidogo pale vyuma vinaposuguana, mbali na pale breki inapokamata. Lakini kebo nayo ilikuwa imeganda, na mpya ingepatikana Jumatatu.

"Naitoa. Breki ya mguu iko sawa. Handibreki huna."

Ndivyo Mutua alivyoambiwa.

"Kathonzweni kuna mteremko?" nikauliza.

"Mteremko uko kila mahali, mzee. Mawe pia."

Jua likikaribia kutua, Kathonzweni. Lango la wakwe liko juu, watu walikuwa wameketi chini ya mteremko, na mjukuu wangu alikuwa akicheza na wenzake katikati ya njia. Nilisimama langoni, nikazima gari ikiwa kwa gia. Kasyoka akaweka mawe, akateremsha mbuzi. Mguu wangu haukutoka kwa breki. Niliuambia utoke, ukakataa.

"Shuka," Kasyoka akasema. "Baba wa kijana hakai kwa gari."

"Ongea wewe. Ndiyo kazi yako."

Nikasikia mjomba mmoja akiuliza kama nimewadharau. Muthama aliinamisha kichwa. Kasyoka akawaambia ukweli wote, habari ya Ngui, mguu, na ile kebo iliyobaki Makindu.

Mama ya Mwende aliinuka, akaenda jikoni, akatoka akiviringisha kinu cha mti. Akakilaza mbele ya gurudumu, akakipiga teke kikae.

"Mkwe, hiki kimetwanga mahindi tangu nilipoolewa, na hakijawahi kukimbia. Shuka ule."

Nikashuka. Mbuzi walipokewa, beberu akachinjwa, na Mwende hakubakizwa kwao.

Jumatatu, tukirudi, Musembi alifunga kebo mpya. Siku hizi napaki juu, kwa ukingo mkavu, na maji nayabeba mwenyewe. Gari ikilowa, naiendesha pole pole nikikanyaga breki mpaka zikauke, na usiku nailaza kwa gia na mawe, handibreki ikiwa chini. Mutua nitamtaja mpaka nife. Lakini kwa kosa hili la njiani, jina la kutajwa ni langu.

Nilipofika Kyuso nilimpigia Kimanzi kumwambia hivyo.

"Nani anaongea?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ile maiti?"

"Ndiyo," nikasema. "Imekuja kuomba msamaha."