Dua ya Wakati wa Futari

Nikinusa uji wenye pilipili manga, narudi jikoni kwetu, Ramadhani ile mama alipokuwa akiinua kope kwa kidole ili anione. Daktari alisema misuli yake inachoka: ama ameze vidonge mchana kutwa, ama apasuliwe kifua, itolewe tezi inayochochea ugonjwa.

“Kope zianguke, wapasue kifua?” bibi alisema. “Wamekosea mlango hao!”

“Vidonge vya mchana vinavunja funga, mama. Nikipasuliwa, huenda nikafunga bila taabu.”

“Mgonjwa karuhusiwa kula, mwanangu. Na usipoamka je?”

Adhana iliposikika mama alimeza kidonge kwanza, akangoja taya zipate nguvu. Uji ukapoa. Bibi akaninong’oneza nimwombee, kwani dua ya wakati wa futari hairudi. Nikainua viganja, nisijue niombe kisu au vidonge.