Mwanasesere wa Muuza Magodoro

Verlin Stukenberg alikaa kwenye kiti chake cha siku zote uwanjani, kule Ohio, amenuna. Alikuja kutazama besiboli, sasa anatazamishwa upuuzi. Muuza magodoro aliyefadhili siku hiyo alihutubia mpaka mate yakamkauka, kisha akaitwa kumrushia mdakaji mpira wa ufunguzi. Ukadunda chini hata nusu ya njia haujafika, na watu wakashangilia.

"Wanampigia makofi ya nini?" Verlin akamuuliza mkewe, Darlene. "Hata marehemu mama yangu angeufikisha."

"Kula soseji yako, mzee, inapoa."

Ikafuata bendi, ukafuata wimbo wa taifa, halafu mbwa wa polisi akaletwa kuvishwa medali. Mbwa hajavishwa bado, mvua ikamwagika. Mechi ikaahirishwa hata haijaanza.

Njia nzima kuelekea garini Verlin aliwaponda wajinga waliopanga foleni mlangoni asubuhi, ati wapewe bure kimwanasesere chenye sura ya muuza magodoro na kichwa cha kutikisika.

Darlene akautazama upara wa mumewe unavyochuruzika maji. "Kofia yako iko wapi?"

Verlin akaongeza mwendo. Kofia ilikuwa kwapani, imekifunika kimwanasesere chake kisilowe.