Aline Alipofungua Safu ya Mikuki

Siku moja ya vita ningali naikumbuka, mwanangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nasi tumekaa watatu barazani kwa baba yangu, hapa mtaani Buyenzi, tunacheza vita. Ndiyo, vita! Ujana una mambo yake.

Mchezo wenyewe Léopold, mwenzangu wa lise, shule ya sekondari, aliletewa na kaka yake kutoka Ulaya. Ulikuwa na falme za kubuni, za binadamu tu, na majeshi yake tuliyafinyanga kwa udongo. Léopold alipenda wapanda farasi wa nyikani: wanakuja kama radi, lakini pigo la kwanza likishindwa, hawana la pili. Mimi nilikuwa na wapiga mishale wa milimani, hodari wa kuvizia, wanyonge uwanjani. Aline, binti wa mtaa wa Kiriri, alichagua watu wa mjini wenye mikuki mirefu, wanaotembea polepole, bega kwa bega. Tuliwacheka. Kumbe mwenda pole hajikwai.

Mishale yangu ilikwisha mapema. Farasi wa Léopold wakajitupa kwenye mikuki, wakavunjika. Waliosalia Aline akawazingira bondeni, pande zote. Léopold akakunja uso. Baba yake alikuwa ameuawa katika vita vya kweli, mtaani Kinama, naye alikuwa ametunong'oneza kwamba Jumapili angeingia msituni kushika bunduki. Aline naye alikuwa amemzika kaka yake, aliyekufa upande wa pili wa vita hivyo hivyo.

Tukangoja ammalize. Aline akanyoosha mkono, akasogeza mikuki huku na huku, njia ikafunguka.

"Pita," akasema.

"We, unaniachia? Si umeshashinda?"

"Mutu asiye na njia anapigana mpaka kufa. Mi sitaki wafu tena, Léo. Apana. Hata wa udongo."

Majemadari nimewaona wengi wakipita mji huu, mwanangu, ila mkubwa kama msichana yule sijamwona. Léopold aliinamisha kichwa, akalia mbele yetu bila haya. Jumapili ilipofika hakwenda msituni. Alikuja barazani, akaketi karibu na Aline, na leo watoto wao wanakuita kaka.

Basi shika hili. Wepesi ni mzuri, kuvizia ni akili, kusimama pamoja ni ngome. Lakini ukishamweza mwenzio, mwachie pa kupita; hasira hasara. Mungu akujalie nguvu za kushinda, na ukishashinda, akulainishe moyo. Amina.